Munyu, Dagaa na Mawese: Tarihi ya Kitoweo cha Ujiji

Akthari ya vitabu vilivyoandikwa juu ya Ujiji huingia katika mji huo kwa mlango wa pembe za ndovu. Msomaji huonyeshwa misafara itokayo Bagamoyo, wapagazi waliolemewa na mizigo, mateka waliofungwa minyororo, kisha Burton na Speke wakilifikia ziwa mwezi wa Februari 1858, na mwishowe Stanley akimkuta Livingstone mwezi wa Novemba 1871; na baada ya hapo mwandishi huufunga mlango, akawaacha ndani watu wa mji wenyewe pamoja na riziki yao. Sitaki kuyapunguza mambo hayo, hasa habari ya watumwa, ambayo haifai kupunguzwa na mtu yeyote mwenye imani moyoni. Walakini pembe hailiwi. Kabla ya zama za pembe, na katika zama za pembe, na baada ya zama hizo kupita, kulikuwa na tijara nyingine katika mwambao huu wa Tanganyika, tijara ya vitu vinavyoufanya ugali upendeze kinywani na kupita kooni bila ya kusukumwa na maji: munyu wa Uvinza, dagaa na migebuka wa ziwani, na mawese ya Urundi. Kwa rai yangu, hiyo ndiyo tijara iliyoufanya Ujiji kuwa soko kabla ya msafara wa kwanza wa pwani kufika, na ndiyo iliyoupa upishi wa Kigoma ladha yake mpaka leo.

Nitaanza na munyu, kwa kuwa ndio mkongwe wa vyote. Mashariki ya ziwa, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, karibu na mahali ambapo Mto Ruchugi unaingia katika Malagarasi, ziko chemchemi zinazotoa ardhini maji ya chumvi kali. Nchi zinazolizunguka eneo hilo kwa mamia ya maili zilikuwa nchi za wakulima, watu wa mtama, ulezi, ndizi na maharage, na baadaye mhogo na mahindi. Na vyakula hivyo vyote, ijapokuwa vinashibisha, vina chumvi kidogo sana ndani yake, kiasi ambacho mwili wa mtu anayetoka jasho shambani kutwa nzima hauwezi kutosheka nacho. Mahali pasipo na chumvi ya ardhini watu walichoma matete na majani ya majini, wakayachuja majivu yake, wakapata kitu kinachofanya kazi ya chumvi nusu nusu, kikali, chenye uchungu unaobaki ulimini. Mtu aliyezoea chumvi ya majivu, siku alipoutia munyu wa Uvinza katika chungu chake cha maharage, alitambua papo hapo kuwa amepata kitu cha daraja nyingine, kwa sababu munyu ule ulikuwa safi, mweupe, wenye ukali mmoja ulionyoka usiochanganyika na uchungu.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa mambo ya kale, John Sutton na Andrew Roberts, walichimba ardhi ya Uvinza, wakakuta tabaka za majivu na vigae zilizolaliana, na vishimo vilivyokandikwa udongo, athari za watu waliokuwa wakiyachemsha maji yale tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Msomaji na aitafakari tarehe hiyo. Wakati huo Kilwa haikuwa bado na msikiti, na jina la Sultani wa Unguja lilikuwa halijatamkwa na mtu. Na tayari kando ya Ruchugi moto ulikuwa umewashwa, chungu kimewekwa juu yake, na mtu ameketi akingoja maji yakauke ili apate konzi ya chumvi.

Kazi ile ilikuwa ya kiangazi. Masika yanapoingia mito hufurika, maji matamu huchanganyika na maji ya chemchemi, na kuni zote za dunia hazitoshi kuyakausha. Lakini kiangazi kinapokaza, maji ya chumvi huwa mazito, na hapo watu walikuja kwa maelfu, Wavinza wenyewe, na Waha kutoka milimani, na Wanyamwezi kutoka mashariki, wakajenga vibanda, wanawake kwa wanaume wakachota, wakachuja, wakakata kuni, wakachemsha mchana na usiku. Watemi wa Uvinza walikuwa na ardhi hiyo, na kila mchemshaji alitoa fungu katika munyu wake kuwa ushuru. Na watemi hao hao ndio waliokuwa na vivuko vya Malagarasi, ambako misafara ya pwani ililazimika kulipa hongo nzito kabla ya kuvushwa, kama Stanley alivyolipa mwaka 1871 huku akilalamika. Mwenye chumvi na mwenye kivuko akiwa mtu mmoja, hana haja ya kumnyenyekea mfanyabiashara. Burton aliandika kuwa munyu wa Uvinza ulifika katika nchi za maziwa yote mawili, Tanganyika na Nyanza, na katika jambo hili sina sababu ya kumshuku, kwa sababu vifurushi vya chumvi vilikuwa vikipita mkono kwa mkono, soko kwa soko, katika nchi ambazo hakuna Mwarabu aliyezikanyaga bado. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wadachi walijenga hapo kiwanda na kupaita Gottorp, na katika enzi ya Waingereza kazi hiyo ilifuatwa na kampuni ya Nyanza Salt Mines. Jina la Gottorp limekufa, ila chumvi ya Uvinza ingali inauzwa.

Wapishi wa mwambao wa ziwa wanajua vema kwamba munyu hautiwi chunguni ili chakula kiwe na chumvi tu. Mchuzi uliokolea ni ule ambao kila kilichomo ndani yake kimejitokeza: nyanya imekuwa nyanya zaidi, samaki amekuwa samaki zaidi, na uchungu wa majani umerudi nyuma, na mpishi akipitisha kipimo, munyu hujitokeza wenyewe na kuvifunika vyote. Mchuzi chapwa ni ule ambao vitu vyote vimo na hakuna hata kimoja kinachosema. Elimu ya siku hizi imethibitisha walichokijua wazee kwa ulimi, kwamba chumvi hupunguza uchungu mdomoni na kuziinua ladha nyingine. Na kwa watu ambao chakula chao cha kila siku kilikuwa na majani mengi yenye uchungu wake wa asili, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Sasa tuje ziwani. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Siberia. Kina chake kinakaribia mita 1,470, na urefu wake unazidi kilomita 670. Lakini maji yake mengi ya chini hayana hewa, wala samaki hawezi kuishi humo, basi uhai wote umebanwa katika tabaka ya juu, na tabaka hiyo ni ya dagaa. Mchana dagaa hukaa chini mbali na jua. Jua likitua, vijidudu vidogo vya majini hupanda juu, na dagaa huvifuata kwa makundi yasiyohesabika, na nyuma ya dagaa huja migebuka wanaowala, na nyuma ya migebuka huja sangala. Mvuvi wa kale, ambaye hakusoma jambo hili popote, alilijua kwa macho. Alitoka usiku wa giza katika mtumbwi wa gogo, akawasha kienge cha nyasi kavu au matete mbele ya mtumbwi, na dagaa walipokusanyika kuufuata mwanga aliwachota kwa lusenga, wavu wenye umbo la upawa mkubwa uliofungwa kwenye mti mrefu. Mbalamwezi ilipoingia aliutundika wavu na kupumzika, kwa sababu mwezi ukiangaza ziwa zima dagaa hawana haja ya kienge cha mtu. Hivyo ndivyo mwezi ulivyokuwa msimamizi wa chakula cha Ujiji: siku za giza dagaa wabichi walijaa, siku za mbalamwezi watu walikula waliokaushwa, na ukaushaji, ambao asili yake ilikuwa ni kuzuia kuoza tu, ukawa mama wa ladha.

Hapa naomba msomaji anifuate mpaka Ujapani. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mwanachuoni wa kemia wa Tokyo, aliuchunguza mchuzi wa mwani wa nchini kwake, akatoa ndani yake kitu kiitwacho glutamati, akadai kuwa ulimi wa binadamu una ladha ya tano isiyo tamu ya sukari, wala chachu, wala chungu, wala ya chumvi, bali ladha ya nyama, samaki na mchuzi uliochemka sana; akaiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata kitu cha pili kiletacho ladha hiyo, inosinati, na mahali alipokipata ni katika samaki aliyekaushwa. Katika miaka ya 1950 Akira Kuninaka akaonyesha kuwa vitu hivyo viwili vikikutana katika chungu kimoja nguvu yao haijumlishwi, bali huzidishwa mara nyingi. Na nyanya, ambayo ilitoka Marekani ya kusini ikafika ziwani kwa njia za biashara, ina glutamati kwa wingi. Na dagaa mkavu ana inosinati kwa wingi. Mama wa Ujiji aliyekaanga kitunguu, akatia nyanya mbili tatu, akaziacha ziive mpaka zipasuke na kujitenga na mafuta, ndipo akatia dagaa wake wakavu waliooshwa kwa maji ya moto, alikuwa amekwisha kuifikia hikima hiyo kwa njia ya upishi, na watoto wake walikwisha kuila.

Ziko sababu nyingine za dagaa wa Kigoma kuheshimiwa, nazo zinahusu namna ya kukausha. Samaki anapokufa, nguvu iliyokuwa katika nyama yake huvunjika polepole, na hatua mojawapo ya kuvunjika huko ndiyo inosinati yenyewe. Lakini akiachwa zaidi, inosinati nayo huvunjika na kuzaa kitu chenye uchungu. Kwa hiyo saa chache baada ya kuvuliwa ndizo zinazoamua kila jambo. Wavuvi hurudi alfajiri, na katika fukwe za Kibirizi na Katonga wanawake huwapokea dagaa wakiwa bado wanang'aa, wakawatandaza jua likiwa ndio kwanza linapanda. Na kwa kuwa dagaa ni mwembamba, jua kali la siku moja humkausha kabla ya uchungu kuzaliwa. Zamani walitandazwa juu ya mchanga na changarawe za ufukoni, na mlaji alilipa kwa meno yake. Siku hizi wengi hutandazwa juu ya chanja zilizoinuliwa, jambo ambalo nalisifu bila ya kusita. Mvua ikinyesha mambo huharibika: dagaa hulegea, hugeuka rangi kuwa ya manjano, hutoa shombo, na akipikwa huacha uchungu nyuma ya ulimi ambao munyu hauwezi kuufuta. Mnunuzi mjuzi humvunja dagaa mmoja, akasikiliza mlio wake, akamnusa, akamtafuna mkavu vilevile; akikuta ana utamu unaodumu baada ya kumezwa, hununua gunia zima.

Migebuka ni habari nyingine. Huyu ni samaki mrefu, mwenye mafuta, na mafuta hayo hayakubali kukaushwa kwa jua peke yake, basi hupasuliwa na kubanikwa juu ya moto wa polepole. Moshi humpa ladha ambayo dagaa hana: ukali kidogo, harufu ya kuni, na nyama inayoshikamana na kuchambuka kwa nyuzi. Wapo wapishi wanaoamini kuwa mgebuka wa moshi hafai kutiwa nyanya nyingi, kwa sababu uchachu huua moshi, na kwamba anayemstahili ni mawese peke yake. Nimekula kwa namna zote mbili, nami nipo upande wao.

Mawese hayo yalitoka kaskazini. Michikichi huota vizuri katika ukanda wa mwambao wenye joto na unyevu, na katika karne ya 19 mafuta mengi yaliyouzwa Ujiji yaliletwa kwa mitumbwi na Warundi, yakiwa ndani ya mitungi, mazito, mekundu. Burton aliyakuta na kuyaandika kwa jina lake hilo hilo. Utengenezaji wake ni kazi ya subira. Mikungu ya chikichi hukatwa, huachwa siku chache ili tembe zilegee, hupukuchuliwa, huchemshwa, hutwangwa au kukanyagwa mpaka nyama iachane na kokwa, kisha hukamuliwa, na mafuta yanayoelea hukombwa na kuchemshwa tena mpaka maji yote yatoke. Kokwa hazitupwi: ndani yake mna mise, na mise hutoa mafuta ya aina nyingine yanayotumika zaidi katika sabuni. Mawese yaliyotengenezwa kwa haraka hubaki na maji, nayo huchacha. Yaliyotengenezwa kwa adabu hukaa miezi, huganda nusu wakati wa baridi, na yakipashwa moto hutoa harufu ya tunda lenyewe.

Mafuta mengi ya viwandani kazi yake ni kupitisha moto kutoka katika chombo mpaka katika chakula, nayo hayana la kusema. Mawese ni mafuta na kiungo kwa pamoja. Yana unono unaoutandaza mchuzi juu ya ulimi mzima, yana uchungu mdogo wa mbali unaouzuia unono huo usikinaishe, na huzishika harufu za samaki na pilipili zisipotee na mvuke. Mpishi asiyeyajua huyaunguza mpaka yawe meupe, akadhani ameyasafisha, kumbe ameyaondolea rangi, na pamoja na rangi ameondoa sehemu kubwa ya sifa yake. Mpishi wa Kigoma huyapasha kiasi cha kuondoa ubichi tu.

Hapa nitaje jambo moja kwa ajili ya haki, kwa sababu husemwa sana katika mikutano na magazeti. Watu husema kuwa Malaysia, ambayo leo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa mafuta ya mawese, ilichukua mbegu zake Kigoma. Fahari hiyo naielewa, lakini tarihi ya mbegu zile inajulikana: asili ya mashamba ya Asia ya kusini-mashariki ni miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, miaka kumi kabla ya Burton kuufikia Ujiji. Kigoma ina fahari yake ya kweli ya kutosha, nayo ni kwamba watu wake walijua kula mawese, na kuyapika, na kuyafanyia biashara, kwa zamani zao wenyewe.

Vitu hivi vitatu vilikutana Ujiji kwa sababu Ujiji ulikuwa mahali pa kukutania. Chumvi ilitoka mashariki kwa mabega ya watu, mafuta yalitoka kaskazini kwa maji, samaki walikuwapo hapo hapo, na Waha waliteremsha nafaka na maharage kutoka milimani. Msafiri Cameron, aliyepita mwaka 1874, alieleza jinsi soko lilivyofanya kazi asubuhi: sarafu yake ilikuwa ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya kiko kilichovunjika, na kabla ya soko kuanza walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi waliowabadilishia wanunuzi ushanga wa namna nyingine, kisha soko likifungwa waliwabadilishia wauzaji kinyume chake. Soko lenye wabadilishaji wa sarafu wa kila siku si gulio la kuvizia misafara inayopita mara moja kwa miezi. Ni soko la mchuzi wa leo, la mtu mwenye haja ya kibaba cha dagaa, kipande cha munyu na kijungu cha mawese kabla ya mchana.

Burton aliambiwa kuwa Waarabu waliufikia mji mwaka 1840. Waliokuja nao na baada yao, waungwana wa Mrima na Unguja, walileta mchele, vitunguu, embe, na desturi ya kuchanganya bizari. Lakini kitu kimoja hawakuweza kukileta, nacho ni nazi. Watu wa pwani wenzangu watalifahamu pigo hilo bila ya kuelezwa. Upishi wa pwani umesimama juu ya tui: samaki, mchicha, maharage, mbaazi, wali, vyote hunyweshwa tui, na mtu aliyelelewa hivyo akiwekewa samaki wa maji na chumvi hujiona mgonjwa. Kule ziwani, miezi mitatu ya mwendo kutoka katika mnazi wa karibu, mpishi wa kiungwana alitazama kushoto na kulia akauona mtungi wa mawese. Alichofanya ni kuyaweka mawese mahali pa tui. Unono ulirudi katika chungu, ingawa kwa sauti nyingine: tui ni tamu na laini, humbembeleza samaki, ilhali mawese yana uzito na ukali wake, yanamtaka samaki mwenye nguvu wa kukabiliana nayo, na samaki huyo alikuwapo. Ndivyo ulivyozaliwa upishi ambao si wa pwani wala si wa Waha peke yao, na ambao naukuta mpaka leo katika nyumba za Ujiji ambako maulidi husomwa, na wali huliwa kwa dagaa wa mawese.

Kutoka ng'ambo ya magharibi walikuja Wamanyema, wengine kwa hiari, wengi kwa nguvu, katika zama zile za Tippu Tip na Rumaliza, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, ambazo kila familia inazikumbuka kwa namna yake. Walikuja na sombe, majani ya mhogo yaliyotwangwa. Majani hayo yakiwa mabichi yana sumu na uchungu, basi hutwangwa, huchemshwa muda mrefu, maji ya kwanza yakamwagwa, ndipo hutiwa mawese, na dagaa au samaki wa moshi, na munyu mwishoni. Katika chungu hicho vitu vyote nilivyovitaja viko pamoja: munyu wa kuuzuia uchungu wa majani, samaki wa kuyapa majani ladha ya nyama, na mafuta ya kuvifunga vyote. Nikitakiwa kuchagua chakula kimoja cha kumpa mgeni ili aifahamu tarihi ya mwambao huu, nitampa sombe na ugali wa mhogo. Nayo imeendelea kupata wapishi wapya, kwa sababu waliokimbia vita vya Kongo na kupokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, tangu mwaka 1996 waliikuta huku kama walivyoiacha kwao.

Reli iligeuza mambo. Ilipofika Kigoma mwezi wa Februari 1914, baada ya kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, bandari mpya iliunyang'anya Ujiji biashara kubwa. Mwaka uliofuata meli ya Goetzen, ambayo leo ni Liemba, ilishushwa majini hapo Kigoma. Ujiji ulibaki mji wa miembe na misikiti. Lakini dagaa alipanda gari la moshi. Vijana wa Kiha walipokwenda kwa maelfu katika mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, njia hiyo ya reli ndiyo iliyowachukua, na hiyo hiyo ilibeba magunia ya dagaa kwenda mashariki, mpaka dagaa wa Kigoma akapata jina Kariakoo, ambako bei yake kwa desturi huwa juu ya bei ya dagaa wa Mwanza, na mnunuzi haulizi sababu. Mawese hayakusafiri vizuri hivyo. Mafuta ya viwandani yasiyo na rangi wala harufu yaliingia madukani, wapishi wa mijini wakayaona kuwa ndiyo maendeleo, na michikichi mingi ya Kigoma ikazeeka bila ya kurithiwa, mpaka mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoanzisha jitihada za kulifufua zao hilo, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikaanza kuzalisha mbegu bora zenye nyama nyingi na kokwa nyembamba. Kazi hiyo ni njema. Naomba tu kwamba wanaopima wingi wa mafuta kwa hekta wamwite pia mpishi mmoja aonje.

Ziwani nako, kienge kiliiachia karabai nafasi katika miaka ya 1950, na karabai nayo imeziachia taa za betri. Lusenga imeshindwa na nyavu kubwa za mitumbwi miwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya ziwa yamezidi joto, na kwamba kwa sababu hiyo hayachanganyiki kama zamani, na rutuba ya chini haipandi juu kwa kiasi kile kile kuwalisha vijidudu ambao dagaa huwafuata. Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na wako waliolalamika kwa haki, kwa kuwa njaa ya miezi mitatu si neno dogo. Walakini mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa, maadamu wavuvi hawaachwi peke yao katika miezi hiyo.

Kinachonitia hofu kuliko nyavu ni kidonge cha mchuzi. Glutamati ya Ikeda ilianza kuuzwa dukani tangu mwaka 1909, na leo, ikiwa imechanganywa na chumvi na mafuta, imo katika kila kibanda cha Mwanga na Gungu, mjini Kigoma, kwa bei ambayo fukara anaimudu, nami simlaumu fukara anayeinunua. Lakini mpishi kijana aliyekizoea kidonge hudhani kuwa ladha ya samaki na ladha ya kidonge ni kitu kimoja, na njia ya kumsadikisha vingine si hotuba. Na achukue maharage ya aina moja, ayagawe katika sufuria mbili, zote azitie kitunguu, nyanya na mawese kwa kiasi kimoja. Moja aitie kidonge. Ya pili aitie konzi ya dagaa wakavu waliosafishwa vichwa na kutwangwa, aiache ichemke polepole, na munyu autie mwisho. Aonje zote mbili zikiwa za moto, ambapo huenda asione tofauti kubwa. Kisha azifunike, aonje tena zikiwa zimepoa, kwa sababu chakula cha moto husitiri mengi, na aamue mwenyewe ni sufuria gani atakayowapelekea wageni wake.